Ufinyanzi wa Mikono na Daftari la Majaribio

(Maneno ya Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi waliokutana Bomang'ombe)



Nimeombwa nizungumze juu ya ufinyanzi, na najua kwamba baadhi yenu mlipoiona mada hii katika barua ya mwito mlishangaa. Sisi wa mteremko huu tumelelewa na kahawa. Tangu Chama Kikuu kilipoandikishwa mwaka 1933, neno ushirika katika masikio yetu limekuwa na maana ya mizani, magunia na malipo ya pili. Chungu ni kitu tulichokuwa tukikinunua sokoni kwa jirani zetu Wapare, tukakipikia maharage mpaka kikapasuka, kisha tukanunua kingine. Ni nani aliyepata kuuliza kilivyotengenezwa?

Walakini siku hizi vikundi vya akina mama wafinyanzi vinabisha hodi katika ofisi zenu. Vingine vinataka viandikishwe kuwa vyama, vingine vinataka mkopo kwa dhamana ya chama cha msingi, na vingine vinaomba tu chumba cha nyuma ya ghala wakaushie vyombo vyao. Nimepitia maombi manne ya namna hiyo. Katika matatu kati ya hayo katibu aliandika maneno yanayofanana, kwamba kikundi kinahitaji mashine ya gurudumu ili akina mama hao watoke katika ufinyanzi wa kizamani. Ombi la nne halikutaja mashine, kwa sababu kikundi kile kilikwisha kupewa mashine na wafadhili ambao sina haja ya kuwataja. Niliiona kwa macho yangu. Imeegemezwa ukutani, na kuku hulala juu yake.

Ndugu zangu, sisemi kwamba gurudumu ni kitu kibaya. Nasema kwamba katibu asiyejua kazi ya mwanachama wake hawezi kuandika ombi la mkopo lenye akili, wala hawezi kulitunza daftari lake sawasawa. Kwa hiyo naomba mnivumilie nieleze kwanza kazi yenyewe, ndipo tufike kwenye hesabu.

Kufinyanga kwa mkono bila gurudumu ni elimu ya kale sana katika nchi hizi. Wachimbuaji wa mambo ya kale walikuta katika milima ya Upare vigae vya aina ile ile iliyopatikana Kwale, nchini Kenya, vya karne za mwanzo baada ya Kristo. Vyungu hivyo vyote vilijengwa kwa mkono. Huko Kyela, wanawake wa Kikisi wa pwani ya Ziwa Nyasa hupakia vyungu vyao katika mitumbwi na kuvipeleka kwenye soko la Lyulilo karibu na Matema, na kutoka hapo vinasafiri hadi mikoa ya mbali. Nani atasema kwamba biashara inayovuka ziwa ni ya kizamani?

Njia za kujenga chombo kwa mkono ni chache, na kila moja ina tabia yake. Ipo njia ya kuchukua bonge moja, kulitoboa katikati kwa ngumi na kulivuta juu kwa vidole huku mfinyanzi akilizungusha juu ya kigae. Ipo ya misokoto, ambapo udongo huviringwa kama kamba, kamba hizo zikapangwa moja juu ya nyingine, kisha maungio yakafutwa kwa kidole au kwa gunzi la mahindi. Ipo ya mabamba, yaani udongo uliotandazwa kama chapati na kukatwa kwa kisu, ambayo hufaa kwa vyombo vyenye pembe. Na ipo ya kalibu, ambapo udongo hushindiliwa ndani ya umbo lililokwisha kutengenezwa ili vyombo vyote vitoke na kipimo kimoja. Mfinyanzi hodari huchanganya njia hizi. Tako atalitoa kwenye kalibu ya chungu kikuukuu, tumbo atalipandisha kwa misokoto, na mdomo ataumalizia kwa kuvuta. Kila anapobadili mpango huo, anafanya jaribio.

Sasa hapa kuna jambo ambalo yapasa kila katibu alielewe, kwa maana fedha nyingi hupotea kwa kutolielewa. Udongo wa mfinyanzi una maji ya namna mbili. Ya kwanza ni maji ya kuukandia, ambayo huondoka kwa kukausha kivulini. Yakiondoka, chombo hupungua ukubwa, na mara nyingi upungufu huo ni kati ya sehemu 5 na sehemu 10 katika kila 100. Kama upande mmoja umekauka kabla ya mwingine, ufa hauna budi kutokea. Na kama maji hayo hayajaisha wakati chombo kinapoingia motoni, basi moto ukifika digrii 100 za sentigredi hugeuka mvuke, na chungu hupasuka kwa kishindo na kuvunja vya jirani. Maji ya pili yamefungamana na udongo wenyewe, na hayatoki mpaka moto ufike kama digrii 450 hadi 600. Yakishatoka hayo, udongo hauwezi tena kurudi kuwa tope hata ukiloweka mwaka mzima. Moto wa wazi wa kuni na majani, kama wanaoutumia akina mama wetu, kwa kawaida hufika kati ya digrii 600 na 900. Unatosha, lakini hauachi nafasi kubwa ya makosa.

Ndiyo maana wafinyanzi wa tangu zamani hawakutumia udongo mtupu. Huutia mchanga, au chenga za vigae vilivyopondwa, au makapi ya mimea. Chenga hizo hazipungui zaidi, kwa kuwa zilikwisha kupita motoni, kwa hiyo huuzuia udongo usijivute na kupasuka, tena hufungua njia ndogo ndogo za mvuke kutokea. Kadhalika huufanya ukuta wa chungu uweze kuvumilia kuwekwa juu ya mafiga yenye moto mkali na kumwagiwa maji baridi bila kupasuka. Chukua chungu chenye udongo laini mno, ukipeleke jikoni kwa mama anayepika maharage, kisha urudi baada ya wiki moja.

Na gurudumu linataka nini? Linataka udongo laini, uliochujwa, usio na chenga. Mwenye kutumia gurudumu akitia chenga za vigae nyingi atachubuka viganja. Maana yake ni kwamba kikundi kinachoishi kwa kuuza vyungu vya kupikia kikihamia kwenye gurudumu kitabidi kibadili udongo, kibadili moto, kijenge tanuri na kutafuta wanunuzi wengine. Hiyo ni biashara nyingine kabisa. Yawezekana ikawa nzuri, lakini mkopo wa gurudumu pekee hautoshi hata robo yake. Wale waliowapa akina mama mashine ile hawakuliuliza swali hili, na kuku wamefaidika.

Kule Abuja, nchini Nigeria, mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilimweka Mwingereza mmoja, Michael Cardew, aanzishe chuo cha ufinyanzi. Alileta magurudumu na tanuri la moto mkali. Mwaka 1954 akajiunga chuoni hapo mwanamke wa Kigwari aitwaye Ladi Kwali, ambaye alikwisha kuwa na sifa kwa mitungi yake aliyojifunza kuijenga nyumbani. Mama huyu hakuuacha mkono wake. Aliendelea kujenga mitungi kwa misokoto, akiizunguka kwa miguu badala ya kuizungusha, na kuichora mijusi na nge kama walivyofanya mama zake. Kilichobadilika ni kwamba mitungi hiyo sasa ilipakwa rojo ambalo motoni huyeyuka na kuwa ngozi ya kioo, ikachomwa katika tanuri lile kwa moto wa zaidi ya digrii 1,200. Jambo hilo lilikuwa jaribio. Halikuwa la Kizungu tupu wala la Kigwari tupu, na hakuna aliyelifahamu matokeo yake kabla halijafanywa. Mitungi ile ikaonyeshwa Ulaya na Marekani, na leo hii picha ya Ladi Kwali imo nyuma ya noti ya naira 20.

Mwaka 1974 alifika chuoni hapo binti mmoja wa Afrika Mashariki, mzaliwa wa Nairobi wa mwaka 1950, Magdalene Odundo, aliyekuwa akisoma Uingereza. Alikaa na wanawake wale wa Abuja akajifunza kujenga kwa mkono. Baadaye alikwenda pia New Mexico, Marekani, kutazama kazi ya Wahindi Wekundu wa San Ildefonso, ambako Maria Martinez na mumewe Julian, baada ya majaribio mengi, walikuwa wamepata mwishoni mwa miaka ya 1910 namna ya kutoa chungu cheusi chenye michoro mieusi, mahali pamoja panang'aa na mahali pengine hapang'ai.

Odundo hatumii gurudumu wala rangi ya kioo. Huvuta chombo kutoka kwenye bonge, akaongeza misokoto, akakikwangua kwa kipande cha kibuyu, akakipaka rojo la udongo laini kabisa, kisha akakisugua kwa vijiwe mpaka king'ae. Anakichoma mara ya kwanza kwa moto wenye hewa nyingi, nacho hutoka chekundu kama udongo wetu wa barabarani. Akitaka kiwe cheusi, hukichoma tena katika moto ulionyimwa hewa. Moto huo wenye njaa ya hewa huinyang'anya chuma iliyomo katika udongo, na moshi huingia katika ngozi ya chombo. Vyombo vyake vimo katika jumba la British Museum, na mwaka 2020 alipewa cheo cha heshima cha Dame huko Uingereza. Hivyo mkono ule ule tunaouita wa kizamani katika maombi ya mkopo umefika huko.

Sikuyasema haya ili kila kikundi cha Hai kianze kutengeneza vyombo vya majumba ya makumbusho. Wanunuzi wa namna hiyo ni wachache na wako mbali. Nimeyasema kwa sababu watu hawa wote walifika walikofika kwa kubadilisha jambo moja moja katika kazi ya mkono, huku wakivunja vyombo vingi njiani.

Je, hapa kwetu kuna kitu gani cha kujaribia? Kipo tele, na kingi tunakitupa. Katika mashamba ya mpunga ya Moshi Chini, yaliyopata mifereji ya kudumu mwaka 1987, kuna pumba za mpunga. Ukizichanganya na udongo, motoni huungua na kuacha vitundu, na ukuta wenye vitundu hauupitishi moto upesi. Ukuta kama huo ndio unaotakiwa ndani ya jiko la mkaa. Kuna maganda ya kahawa na unga wa mbao, ambavyo vyaweza kutumika kumnyima hewa yule chungu mwekundu ili atoke mweusi. Kadhalika kuna vigae vya matofali yaliyoharibika.

Kuhusu majiko, wenzetu wa Kenya walikwisha kututangulia. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 waliunda jiko la mkaa la bati lenye kikombe cha udongo ndani yake, ambalo hula mkaa kidogo kuliko lile la bati tupu. Na huko magharibi mwa Kenya vikundi vya wanawake wafinyanzi vilifundishwa kutengeneza kwa kalibu jiko la kuni lililoitwa kwanza la Maendeleo na baadaye Upesi. Kalibu ilikuwa jambo geni kwa akina mama waliozoea kukadiria kwa jicho, lakini bila kalibu vikombe havilingani, na fundi wa bati hatapokea kikombe kisichoingia katika bati lake. Katibu akipata oda ya majiko, basi kalibu ndiyo ya kuombea mkopo, nayo kwa bei haikaribiani hata kidogo na mashine.

Sasa nije kwenye daftari, ambako kazi yangu ndiko ilipo.

Nimekuta katika vitabu vya kikundi kimoja kwamba kila chungu kinachovunjika motoni hukatwa katika malipo ya mama aliyekifinyanga. Mwenyekiti wao aliniambia kwamba huo ni utaratibu wa kuzuia uzembe. Nikauliza ni lini mara ya mwisho mtu alijaribu mchanganyiko mpya. Akina mama wakatazamana. Hakuna aliyejaribu tangu utaratibu huo uanze, na ni nani atakayejaribu, ikiwa hasara yote ni yake na faida, ikipatikana, ni ya wote? Waswahili husema mfinyanzi hulia gaeni. Kikundi kile kimeifanya methali hiyo kuwa kanuni ya chama.

Hebu tutazame hesabu kwa mfano. Chukulia kikundi kinachoma vyungu 40 kwa mara moja. Udongo na kuubeba ni shilingi 40,000, kuni ni shilingi 60,000, jumla shilingi 100,000. Kila chungu kinachoingia motoni kimegharimu shilingi 2,500. Kati ya hivyo 40, vyungu 30 ni vya udongo wa kawaida na 10 ni vya jaribio, vimetiwa pumba za mpunga. Moto ukizimika, vya kawaida vimepona 27, na vya jaribio vimepona 2 tu.

Katibu asiyefikiri atagawanya shilingi 100,000 kwa vyungu 29 vilivyopona. Atapata shilingi 3,448 kwa kila chungu, ashtuke, apandishe bei au akate malipo ya yule mama wa jaribio. Katibu anayefahamu atatenganisha. Vyungu 10 vya jaribio kwa shilingi 2,500 ni shilingi 25,000, nazo ataziandika katika ukurasa wake, Gharama za Majaribio, kama anavyoandika gharama ya semina hii. Zinabaki shilingi 75,000 kwa vyungu 27, yaani kama shilingi 2,778 kwa kila kimoja. Hiyo ndiyo gharama ya kweli ya chungu cha kawaida, na ndiyo ya kumwambia mnunuzi. Vile viwili vilivyopona haviuzwi kwanza. Vinaandikwa alama, kimoja kinapelekwa jikoni kipikiwe mwezi mzima, na kingine kinabaki rafuni.

Ukurasa huo lazima uwe na kikomo. Mkutano mkuu ndio wa kuamua kabla ya msimu kwamba kiasi fulani, na si zaidi ya hapo, kitatumika kwa majaribio. Na kila jaribio liandikwe: udongo umetoka shimo gani, umetiwa nini na kwa vikombe vingapi, umekauka siku ngapi, moto ulikuwa wa kuni gani, vimepona vingapi. Wapo wafinyanzi wasiopenda kuandika, na wengine hawajui. Katibu aandike kwa niaba yao, na pasipo na katibu, mtoto wa shule aandike. Nimeona mama mwenye ujuzi wa miaka mingi aliyepata mchanganyiko mzuri sana, halafu msimu uliofuata akashindwa kuurudia kwa sababu hakukumbuka kama zilikuwa debe mbili au tatu.

Kama kuna mzee hapa anayenung'unika moyoni kwamba chama hakiwezi kulipia vyungu vilivyovunjika, namwomba akumbuke Lyamungu, ambako ni katika wilaya hii hii yetu. Kituo kile cha utafiti wa kahawa kilianzishwa mwaka 1934. Ilichukua miaka mingi mno kupata miche inayostahimili chulebuni na kutu ya majani, na miche chotara iliyotolewa kuanzia mwaka 2005 ilitanguliwa na mingine mingi iliyong'olewa na kutupwa. Hakuna mtafiti aliyekatwa mshahara kwa kila mche uliokufa. Tuliona ni haki kwa kahawa, basi tuone hivyo hivyo kwa udongo.

Nimalizie na jambo la shimo la udongo, ambalo limeniletea mashauri mawili katika miaka ya karibuni. Kikundi hakiwezi kuweka majaribio ya maana ikiwa udongo unabadilika kila mwezi kwa kuwa mwenye shamba amewafukuza na wamehamia shimo jingine. Kabla chama hakijapitisha shilingi moja ya mkopo, katibu aende mwenyewe akalione shimo, aulize ni ardhi ya nani, na makubaliano yaandikwe mbele ya Serikali ya Kijiji, yakionyesha kiasi cha udongo, malipo, na nani atakayefukia shimo likiisha. Watoto na ng'ombe huanguka katika mashimo hayo wakati wa masika. Nakala moja ikae kijijini, moja kwa mwenye ardhi, na moja katika faili la chama, mahali ambapo mkaguzi akija ataikuta bila kuambiwa kwamba mwenye funguo amekwenda msibani.

Wale wenye maombi ya mikopo ya magurudumu mezani kwao wanione baada ya chakula cha mchana, tuyapitie moja moja.